Maisha ya Rudolf Diesel: Aliyewasha Moto Bila ya Kibiriti

Ndugu msomaji, yako majina tunayoyataja kila siku pasina kukumbuka kwamba yalikuwa majina ya watu. Mwenye gari hufika kituoni akaitisha dizeli, nahodha akamwamuru baharia aitie dizeli tangini, na dereva wa lori akanung'unika kwamba dizeli imepanda bei. Hakuna hata mmoja wao anayefikiri kwamba amemtaja mwana wa mtu, aliyezaliwa, akasoma, akaoa, akazaa, akasifiwa na kudaiwa, kisha akapotea baharini usiku mmoja.

Mimi nami nilikuwa hivyo hivyo hadi mwaka 1986. Mwaka huo shule zilikuwa zimefungwa, nami nikapanda lori pamoja na marehemu ami yangu, aliyekuwa dereva wa tajiri mmoja wa Mombasa, tukapakia saruji kwenda bara. Siku mbili kabla ya safari pampu ya injini ilikuwa imefunguliwa na kurudishwa katika gereji moja ambayo sina haja ya kuitaja. Tulipowasha tu, injini ikaanza kugonga kama nyundo juu ya fuawe. Ami akamwambia tajiri kwamba mlio ule si wa kheri, tajiri akamjibu kwamba mzigo unangojewa. Tukaondoka. Tulipoupita mji wa Mackinnon Road, injini ikatoa kishindo kimoja, moshi ukafunika barabara, na lori likasimama. Tukalala kando ya njia siku mbili.

Fundi mzee alipoifungua injini ile, alikuta pistoni moja imetoboka. Alitueleza kwamba pistoni haikuwa na kosa, na pampu yenyewe ilikuwa nzima. Kilichoharibika ni taimingi, maana mafuta yalikuwa yakiingia mapema kuliko yanavyotakiwa. Tajiri hakutaka kusikia habari hizo. Ami akafukuzwa kazi kwa madai kwamba aliiendesha injini vibaya, na tangu siku ile hakushika tena usukani wa lori hadi alipofariki.

Nilistaajabu sana. Chuma chote kile, ambacho watu wanne hawakiinui, kiuawe na jambo dogo la mapema na kuchelewa! Ndipo nilipotaka kujua ni nani aliyeitengeneza mashine ya namna hii, na hadithi yake imenishughulisha miaka mingi. Leo nataka kuwasimulia wasomaji wetu.

Mtoto wa wageni

Rudolf Diesel alizaliwa tarehe 18 Machi 1858 katika mji wa Paris, lakini wazazi wake walikuwa Wajerumani wa Bavaria. Baba yake alikuwa fundi wa bidhaa za ngozi, na hali yao haikuwa ya utajiri. Mtoto huyu alikuwa akisukuma mkokoteni katika njia za Paris kuwapelekea wateja mali ya baba yake, na nafasi akiipata alikuwa akienda kutazama mashine za zamani katika jumba la makumbusho.

Mwaka 1870 vita vikazuka baina ya Ufaransa na Ujerumani. Wajerumani waliokuwa Paris wakawa maadui usiku mmoja, na jamaa ya Diesel wakakimbilia London. Rudolf alikuwa na umri wa miaka 12. Wazazi wakaona hawana uwezo wa kumlea vyema katika nchi ile ngeni, wakampeleka peke yake Augsburg, akakae kwa jamaa zao, ambako mume wa nyumba alikuwa mwalimu wa hesabu. Huko ndiko alikoamua kwamba atakuwa mhandisi.

Wanaosimulia maisha yake husema kwamba katika masomo yake alionyeshwa kifaa kidogo cha kuwashia moto, cha namna wanayoitumia watu wa nchi za Kimalai. Ni kibomba chenye kijiti ndani. Ukikisukuma kijiti kwa nguvu, hewa hubanwa, hupata joto, na utambi uliomo ndani huwaka bila ya kibiriti wala jiwe. Asiyeamini naashike bomba la kutilia upepo baiskeli, alisukume kwa haraka huku ameziba mdomo wake kwa kidole, aone namna linavyopata moto.

Rudolf akaenda Munich kusoma chuo cha ufundi, akawa mwanafunzi wa Carl von Linde, bingwa wa mashine za barafu. Mwaka 1879 akashikwa na homa ya matumbo, mtihani wa mwisho ukampita. Aliufanya mwaka 1880, akashinda kwa alama za juu kabisa. Kisha Linde akamwajiri, naye akarudi Paris alikozaliwa, kazi yake kutengeneza barafu. Mwaka 1883 akamwoa Martha Flasche, wakajaaliwa watoto watatu.

Kazi ya Augsburg

Mchana aliuza barafu, na usiku akafikiri juu ya moto. Mashine za mvuke za siku zile zilikuwa walafi. Sehemu kubwa ya joto la makaa ilipotea bure, na mashine zenyewe zilikuwa kubwa na ghali, hazipatikani ila kwa matajiri wenye viwanda. Diesel alitamani injini isiyopoteza mafuta, ambayo hata fundi mdogo, seremala au mfumaji, angeweza kuiweka katika karakana yake asimezwe na wenye mali.

Fikira yake ilikuwa hii. Hewa peke yake iingie ndani ya silinda, ibanwe mno mpaka ipate joto la mamia ya digrii, kisha mafuta yatiwe dakika ya mwisho, yawake yenyewe kwa joto lile. Pasiwe na cheche wala utambi. Aliomba hataza mwaka 1892, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu cha kuieleza fikira hiyo. Kiwanda cha mashine cha Augsburg kikakubali kuijaribu, na kampuni ya Krupp ikaingia nayo.

Jaribio la kwanza lilifanywa tarehe 10 Agosti 1893. Mafuta yaliwaka kweli, lakini kwa mripuko uliokivunja kifaa cha kupimia nguvu, vipande vikaruka, na Diesel nusura adhurike. Wengine wangeita ile hasara, naye akaiona kuwa ni ushahidi. Tarehe 17 Februari 1894 injini ikazunguka kwa nguvu zake yenyewe kwa muda wa dakika moja. Inasimuliwa kwamba fundi mmoja aliyeona jambo hilo alivua kofia yake kimya kimya.

Ikachukua miaka mitatu mingine. Tarehe 17 Februari 1897 Profesa Moritz Schröter aliipima injini mpya mbele ya mashahidi. Katika kila sehemu 100 za joto la mafuta, iligeuza kama 26 kuwa kazi. Mashine nyingi za mvuke hazikufika hata nusu ya kipimo hicho. Habari zikaenea. Adolphus Busch, tajiri wa Marekani, alinunua haki ya kuitengeneza kwao kwa milioni moja ya fedha za Kijerumani, na Diesel akawa tajiri kabla hajatimiza miaka 40.

Njugu na bahari

Mwaka 1900 yalifanywa maonyesho makubwa Paris, na injini ya Diesel ikapata tuzo ya juu. Humo mlikuwa na injini moja ndogo iliyoendeshwa kwa mafuta ya njugu. Serikali ya Ufaransa ilitaka kujua kama makoloni yake ya Afrika, yenye njugu nyingi, yangeweza kuendesha mashine kwa mazao yao wenyewe. Injini haikubadilishwa kitu, nayo ilikwenda vizuri. Diesel mwenyewe aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1912, akaeleza kwamba mafuta ya mimea huenda yakawa na maana kubwa siku za mbele. Nikiona siku hizi watu wanavyozungumzia mafuta ya mimea kama jambo jipya, mimi hucheka kidogo.

Mwaka huo huo wa 1912 meli ya Selandia, iliyojengwa Copenhagen, ilianza safari za mbali ikiendeshwa kwa injini za dizeli, bila ya tanuri la makaa. Wanaojua kazi ya wachochea moto katika meli za zamani, waliokuwa wakiungua tumboni mwa meli kama walioadhibiwa, wataelewa ni mzigo gani uliotuliwa siku ile.

Lakini kwenye barabara Diesel alishindwa. Na hapa, ndugu msomaji, ndipo penye kiini cha makala haya.

Shida haikuwa kuubana upepo. Shida ilikuwa kuyatia mafuta. Ndani ya silinda mna hewa iliyobanwa kwa nguvu kubwa, nayo huyasukuma nje mafuta yanayotaka kuingia. Hapo mwanzo Diesel alijaribu kuyasukuma kwa pampu peke yake, haikufaa, maana hapakuwa na aliyeweza kuchonga pampu ya usahihi huo. Basi akatumia hila ya kuyapuliza kwa upepo uliobanwa zaidi. Hila hiyo ilitaka mashine nyingine ya kubana upepo pamoja na chupa za chuma za kuuweka. Katika meli na katika kiwanda nafasi ipo. Katika lori haipo. Karibu na mwaka 1908 alijaribu injini ndogo ya gari, lakini haikufaa kazi. Ile mashine aliyoikusudia fundi mdogo ikaishia kuwatumikia wakubwa.

Usiku wa Septemba

Fedha nazo zikamkimbia. Alijenga nyumba ya fahari Munich, akatia mali katika biashara asizozijua, akashindana mahakamani na waliopinga hataza zake, na hataza zenyewe zikafikia mwisho wa muda wake. Kichwa kilimuuma sana, na mwaka 1898 alikuwa amelazwa kwa kuchoka akili. Kufikia mwaka 1913 madeni yalimzidi, walakini nje alionekana bado bwana mkubwa.

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli ya Dresden katika bandari ya Antwerp kwenda Uingereza, ambako kulikuwa na mkutano wa kampuni iliyotengeneza injini zake. Alikula chakula cha usiku na wenzake wawili, wakatembea kidogo juu ya sitaha, wakaagana kiasi cha saa nne. Aliomba aamshwe asubuhi mapema. Asubuhi ilipofika, kitanda chake hakikuwa kimelaliwa. Kofia na koti lake vilikutwa karibu na ukingo wa meli.

Siku kumi baadaye mabaharia wa chombo cha Kiholanzi waliona maiti inaelea. Bahari ilikuwa imechafuka, wakatwaa vitu vilivyokuwa mifukoni, na mwili wakaurudisha majini. Mwanawe Eugen akavitambua vitu vile kuwa ni vya baba yake. Hana kaburi. Wengi husema alijitupa kwa ajili ya madeni. Wako wanaosema aliuawa, na wako wanaosema aliteleza. Sisi watu wa pwani tumezika jamaa wengi kwa jina tu pasipo na mwili, na tunajua kwamba bahari haitoi ushahidi. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.

Pampu iliyochelewa

Diesel alikufa na umri wa miaka 55. Kile alichokikosa kilipatikana miaka 14 baada yake.

Walioanza njia ni wengi. Prosper L'Orange wa kampuni ya Benz alikuwa amepata hataza mwaka 1909 ya chumba kidogo cha kuanzia moto kando ya silinda, ambacho kilipunguza haja ya upepo ule wa kupulizia. Mwaka 1923 na 1924 makampuni ya Benz na MAN yalitoa malori ya kwanza ya dizeli. Lakini kila mtengenezaji alikuwa akijichongea pampu yake, na pampu zilikuwa zikisumbua. Mwishoni mwa mwaka 1922 Robert Bosch wa Stuttgart aliamua kuifanya kazi hiyo. Ajabu ni kwamba Bosch alipata jina na mali kwa kutengeneza vifaa vya cheche za injini za petroli. Sasa akajitolea kuitumikia injini isiyotaka cheche. Mwaka 1927 pampu zake zikaanza kutoka kiwandani kwa wingi, na kuanzia hapo lori la dizeli likashika njia.

Ndani ya pampu hizo za zamani, kila silinda ya injini ina kipampu chake, ambacho mafundi wetu hukiita elementi. Ni kijiti cha chuma kigumu kinachopanda na kushuka ndani ya ala yake, kwa kusukumwa na kemshafti iliyo chini. Baina ya kijiti na ala mna nafasi ya elfu chache tu za milimita, na unywele mmoja wa kichwa ni mnene mara nyingi kuliko nafasi hiyo. Viwili hivi husuguliwa pamoja kiwandani, vikawa chanda na pete. Ukikiharibu kimoja, umeviharibu vyote viwili, wala huwezi kumwazima mume wa huyu kwa mke wa yule.

Ubavuni mwa kijiti mna mfuo uliokatwa mshazari. Kijiti hupanda kimo kile kile kila mara, lakini dereva akikanyaga mafuta, reki hukizungusha kidogo, na mfuo ule huchelewa kuliachia tundu la kurudishia mafuta. Basi mafuta mengi zaidi huingia katika silinda. Gavana huangalia mwendo usivuke mpaka. Juu kuna valvu ndogo na springi yake, inayokata mafuta ghafla yasidondoke. Kisha mafuta hupita katika mrija wa chuma hadi kwenye nozeli, ambayo katika malori mengi ya zamani haifunguki mpaka nguvu ifike kiasi cha mara 200 ya uzito wa hewa, nayo huyanyunyiza kama ukungu. Adui wa vyote hivi ni uchafu na maji. Chembe ya mchanga isiyoonekana kwa jicho hukwaruza elementi, na ndiyo maana fundi mwangalifu hafungui pampu mahali penye upepo wa vumbi, na dereva mwangalifu hacheleweshi kubadilisha filta.

Wakati

Sasa tufike kwenye kosa lililomfukuzisha ami yangu. Mafuta hayawaki papo hapo yaingiapo. Yanahitaji nukta ya kupata joto. Kwa hiyo lazima yaanze kuingia kabla pistoni haijafika juu kabisa, na katika injini nyingi za zamani ni kama digrii 20 hadi 30 za mzunguko kabla yake. Injini inayozunguka mara 1,800 kwa dakika huipita digrii moja kwa muda usiotimiza sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Yakiingia mapema mno, moto huipiga pistoni ingali inapanda, injini hugonga, na mwisho chuma hupasuka au hutoboka. Yakichelewa, moshi mweupe hutoka, nguvu hupungua, na joto hupotea katika ekzosi.

Namna ya kuipima nilionyeshwa na yule fundi mzee miaka kadhaa baadaye, katika karakana yake huko Changamwe. Alitoa valvu na springi ya kipampu cha kwanza, akafunga mahali pake kibomba kilichopindwa kama shingo ya bata, akaiweka reki mahali pa mafuta mengi, akafungulia mafuta yatiririke. Kisha akaizungusha injini kwa mkono taratibu, upande ule inaokwenda ikiwa kazini, silinda ya kwanza ikiwa inabana upepo. Mkondo ukapungua, ukawa matone, tone moja, tone jingine, mpaka yakakoma. Pale yalipokoma ndipo kijiti kilipoziba matundu, na ndipo kutia mafuta kunapoanza. Akatazama alama kwenye flaiweli. Ikiwa haikukaa sawa, hulegeza nati, akaizungusha pampu kidogo, akaanza upya. Hakuwa na saa wala taa ya umeme. Alikuwa na macho, subira, na matone.

Nilimuuliza kama katika gereji ile ya mwaka 1986 walishindwa na kazi hiyo kwa kukosa vyombo. Alinijibu kwamba vyombo vilivyohitajika ni kibomba kile tu na robo saa ya kungoja. Walioirudisha pampu ya ami yangu walikuwa na haraka, na aliyelipa haraka yao ni mtu mwingine.

Tangu mwaka 1997 magari mapya yalianza kuja na mtambo mwingine, ambamo mafuta hukaa tayari katika bomba moja la nguvu, na kompyuta ndiyo inayofungua kila nozeli. Kazi ya kusikiliza matone inapungua. Walakini katika malori makuukuu na katika mashua zetu za uvuvi zingali pampu za namna ile, na mafundi wanaozijua wanazidi kuwa wachache. Ningependa vijana wakae nao mapema, kabla hayajatukuta ya kujuta.

Diesel ndiye aliyewasha moto, na ni haki jina lake likae katika kila kituo cha mafuta. Lakini moto ule ulingoja mikono ya wengine, waliojua kupima tone na kulipeleka kwa wakati wake, ndipo ukaweza kubeba saruji, unga na abiria hadi bara. Sisi tuliolelewa kwa adhana tano tunajua kwamba jambo jema lina wakati wake, na likitangulizwa au likicheleweshwa hupungukiwa. Rudolf Diesel aliitangulia pampu yake kwa miaka mingi, na pampu ilipokuja, mwenyewe alikwisha zama. Nami kila nisikiapo injini inagonga barabarani, humkumbuka yeye, kisha humkumbuka ami yangu, aliyesikia kosa kwa masikio yake tangu Mombasa, akasema, na asisikilizwe.